Barua ya wazi kwa maseneta na wabunge wa Kentucky: fedha za utoaji mimba, silaha za raia na rushwa mnayoinyamazia

Waheshimiwa Maseneta na Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi mnaotuwakilisha Washington,

Ninawaandikia nikiwa raia wa Marekani kwa kiapo, mkazi wa Lexington, mpiga kura wa chama cha Republican na mzaliwa wa Uvira, kandokando ya Ziwa Tanganyika, katika Kivu ya Kusini. Kabla ya kufika hapa niliishi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kama walivyoishi Wakongomani wengi ambao leo wanafanya kazi katika maghala, viwanda na hospitali za jimbo hili. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili ili isomwe kwanza na ndugu zangu hao, ambao wengi wamekwisha kuapa na wanapiga kura, lakini ni wagombea wachache mno wanaofika kuwauliza wanafikiri nini. Tafsiri ya Kiingereza itafika ofisini kwenu.

Imani yangu ya kisiasa ni ya kihafidhina na siionei haya. Ninaamini kwamba mtoto aliye tumboni ni mtu, na kwamba kodi yangu haipaswi kutumika kuukatisha uhai wake. Ninaamini kwamba raia asiye na hatia ana haki ya kujilinda yeye na watu wa nyumbani mwake. Ninaamini pia kwamba serikali inayoiba haina uso wa kuniomba niiamini katika hayo mawili. Hoja hii ya tatu ndiyo iliyonisukuma kuandika, kwa kuwa katika mikutano ya chama chetu mbili za kwanza hutangazwa kwa sauti kubwa, ilhali ya tatu husikika pale tu mshtakiwa anapokuwa wa chama kingine.

Nianze na fedha za utoaji mimba. Mwaka 1976, miaka 3 baada ya hukumu ya Roe dhidi ya Wade iliyoufanya utoaji mimba kuwa haki ya kikatiba, Mbunge Henry Hyde wa Illinois aliingiza katika mswada wa matumizi ya serikali sharti kwamba fedha za serikali kuu zinazopitia Medicaid, yaani bima ya watu wa kipato cha chini, zisilipie utoaji mimba. Mwaka 1980, katika shauri la Harris dhidi ya McRae, Mahakama ya Juu ililithibitisha sharti hilo kwa kura 5 dhidi ya 4, ikieleza kwamba uhuru wa mtu kuchagua jambo haumpi haki ya kudai serikali imlipie. Kwa muda mrefu sasa sharti hilo limeacha nafasi kwa mama ambaye maisha yake yako hatarini, na tangu mwaka 1993 likaacha nafasi pia kwa mimba iliyotokana na ubakaji au na zinaa ya maharimu.

Kwa miongo kadhaa sharti hilo lilikuwa mahali pa watu wawili wasiopatana kukutana bila kugombana. Aliyeamini kwamba mwanamke aamue mwenyewe, na aliyeamini kwamba mtoto ana haki ya kuzaliwa, waliweza wote kukubali kwamba mtu asilazimishwe kugharamia jambo ambalo dhamiri yake inalihesabu kuwa mauaji. Makubaliano hayo sasa yamepasuka. Joe Biden, ambaye alikuwa ameliunga mkono sharti la Hyde kwa miaka mingi akiwa seneta, aliliacha Juni 2019 alipokuwa akitafuta kuteuliwa na chama chake, na bajeti aliyoipeleka bungeni mwaka 2021 haikuwa nalo. Lilirudi kwa sababu tu Seneti ilihitaji kura za vyama vyote viwili ili kupitisha matumizi. Mjadala wa ruzuku za bima ya afya uliowaka mwishoni mwa mwaka 2025 nao ulirudi kwenye swali lile lile, kwamba fedha za umma zinaishia wapi.

Waheshimiwa, udhaifu wa sharti la Hyde ni kwamba si sheria ya kudumu. Ni kifungu kinachobebwa na mswada wa matumizi, na kila mwaka hujadiliwa upya katika usiku ule wa mwisho ambao serikali inakaribia kufungwa na kila mtu amechoka. Januari 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 238 dhidi ya 183, mswada wa Mbunge Chris Smith wa New Jersey wa kulifanya liwe sheria ya kudumu, nao ukafia Seneti. Tumekuwa na rais wa chama chetu na wingi katika mabaraza yote mawili zaidi ya mara moja tangu wakati huo. Ninafahamu kwamba kura 60 za Seneti, zinazohitajika ili mswada kama huo upite, hazipatikani kwa urahisi. Ninachoomba ni kuona mkijaribu kuzitafuta, kwa kuzungumza na maseneta wa upande wa pili wanaotoka katika majimbo yenye waumini wengi, badala ya kuuleta mswada huo kila mwaka wa uchaguzi kama bango la kampeni.

Kura yetu wenyewe hapa Kentucky iwafunze namna ya kuzungumza nao. Novemba 2022, miezi michache baada ya hukumu ya Dobbs ya Mahakama ya Juu kuifuta Roe na kuirudisha kwa majimbo mamlaka ya kuamua kuhusu utoaji mimba, tuliulizwa kama katiba ya jimbo iseme wazi kwamba haina haki ya utoaji mimba wala haimlazimishi mtu yeyote kuugharamia. Nilipiga kura ya ndiyo. Tulishindwa, tukiwa takriban 48 katika kila 100, katika jimbo ambalo kwa kawaida hutupa ushindi mkubwa. Ninawajua waumini wenzangu waliopiga kura ya hapana, na hawakufanya hivyo kwa kuyadharau maisha ya mtoto. Waliogopa kwamba mama anayevuja damu baada ya mimba kuharibika ataachwa kitandani huku daktari akimpigia simu mwanasheria. Wengi wao, ukiwauliza kuhusu kodi, watakwambia kwamba hawataki ilipie utoaji mimba. Swali la fedha lina watu wengi zaidi nyuma yake kuliko swali la katazo, nanyi mmeyafunga pamoja mpaka tumeyapoteza yote mawili kwa kura moja. Yatenganisheni, na lile la katazo liandikwe kwa maneno ambayo daktari wa zamu ataweza kuyaelewa saa nane za usiku.

Tena, anayekataa kuligharamia jambo moja ana deni la kugharamia lile lililo kinyume chake. Medicaid hulipia takriban watoto 4 katika kila 10 wanaozaliwa nchini Marekani. Mwaka 2022 Kentucky iliongeza muda wa bima hiyo kwa mama aliyejifungua mpaka miezi 12, na hilo lilikuwa jambo jema la kuutetea uhai ambalo sijamsikia mgombea wetu hata mmoja akijivunia jukwaani. Mkiwa mnakata matumizi ya Medicaid, kama mlivyofanya katika sheria kubwa ya Julai 2025, hakikisheni kwamba mkato haumfikii mama huyo. Mwanamke wa kwetu anayefanya kazi ya usiku katika ghala, ambaye mume wake bado yuko kambini akisubiri karatasi, hatajali hotuba zetu kuhusu uhai ikiwa ujauzito wake utamwachia deni la hospitali la miaka 10.

Nje ya nchi fedha hizi zinanigusa kwa namna nyingine. Tangu mwaka 1973 sheria ya Helms imezuia misaada ya Marekani kulipia utoaji mimba kama njia ya kupanga uzazi, na tangu Rais Reagan alipoitangaza sera ya Mexico City mwaka 1984, mashirika ya kigeni yamekuwa yakitakiwa kujitenga na utoaji mimba ili yapate misaada. Ila sera hii ya pili huandikwa kwa kalamu ya rais. Clinton aliifuta mwaka 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha na kuipanua 2017, Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha Januari 2025. Anayeendesha zahanati Kigoma au Bujumbura hawezi kupanga kazi yake kwa kuyafuata matokeo ya uchaguzi wa Pennsylvania. Ikiwa jambo hili ni la haki, nami ninaamini hivyo, lifanyeni liwe sheria ili wote walijue na kulizoea.

Wala msiutumie ulinzi huo kama kisingizio cha kuivunja PEPFAR, mpango wa kupambana na UKIMWI ambao rais wetu mhafidhina, George W. Bush, aliuanzisha mwaka 2003 na ambao umeokoa mamilioni ya watu Afrika. Ninafahamu kwamba Januari 2025 ilifichuliwa kuwa wauguzi 4 nchini Msumbiji, waliolipwa kwa fedha za mpango huo, walikuwa wametoa mimba zisizopungua 21. Huo ulikuwa uvunjaji wa sheria na ulistahili hasira yetu. Lakini ulijulikana kwa kuwa palikuwa na mtu aliyetumwa kukagua, aliyekagua kweli, na aliyeruhusiwa kutoa taarifa ya alichokiona. Mtaona hapa chini kwa nini ninalisisitiza hilo.

Kuhusu silaha, jirani zangu wengi hudhani kwamba mkimbizi wa vita lazima awe upande wa kuzipiga marufuku. Kule nilikozaliwa, mkulima hakuwa na njia halali ya kumiliki bunduki; kibali kilikuwa kitu cha wakubwa. Vita vilipofika kwetu mwaka 1996, na katika vile vilivyofuata mwaka 1998, bunduki zilikuwa kila mahali: kwa askari asiyelipwa mshahara, kwa mwasi, kwa jambazi wa barabarani. Aliyekosa ni yule tu aliyekuwa na watoto wa kuwalinda na shamba la kulima. Katazo lilimfikia mtu anayetii sheria, halikumfikia mwingine yeyote. Kwa hiyo ninaposikia hapa kwamba usalama utapatikana kwa kuwanyang'anya silaha watu ambao hawajamdhuru mtu, ninakumbuka nani alibaki nazo.

Hata hivyo nimeona na upande wa pili, na ningekuwa msaliti wa kumbukumbu yangu kama ningeuficha. Vijana wa Mai-Mai, yaani wanamgambo wa kienyeji wa mashariki mwa Kongo, katika vijiji vingi, walianza kama walinzi wa vijiji vyao. Walishika silaha ili mama zao wasibakwe na ng'ombe zao zisichukuliwe. Baada ya miaka michache baadhi yao walikuwa wakiweka vizuizi barabarani, wakitoza ushuru kwa wachuuzi wa samaki na kuwapiga wasiokuwa nacho. Hakuna hakimu aliyekuwepo wa kuwauliza, wala polisi wa kuwakamata. Bunduki ya raia humlinda raia pale tu ambapo sheria ipo juu ya mwenye silaha na asiye nayo. Ndiyo maana ninalipenda Rekebisho la Pili la katiba hii ya Marekani, linalolinda haki ya kumiliki silaha, pamoja na mahakama zake, wala siwaelewi watu wa chama changu wanaolisifu Rekebisho hilo na kuzibeza mahakama.

Historia ya nchi hii inanithibitishia. Mwaka 1857, katika shauri la Dred Scott, Jaji Mkuu Taney aliyataja mambo ambayo yangetokea kama watu weusi wangehesabiwa kuwa raia, na mojawapo alilolitaja kwa hofu ni kwamba wangeweza kubeba silaha popote waendapo. Mwaka 1865, vita vya kuondoa utumwa vilipokwisha, Mississippi iliharakisha kutunga sheria ya kuwazuia walioachwa huru wasimiliki bunduki bila kibali, na kibali kilitolewa na wale wale waliokuwa wamewamiliki. Mtu aliyekwenda Mahakama ya Juu kuivunja marufuku ya bastola ya Chicago, iliyokuwepo tangu mwaka 1982, alikuwa Otis McDonald, mzee mweusi mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 ambaye nyumba yake ilikuwa imevunjwa mara kwa mara na wezi. Alishinda mwaka 2010 kwa kura 5 dhidi ya 4. Ninawaomba ndugu zangu Waafrika walisome shauri hilo kabla ya kukubali kwamba haki hii ni ya wazungu wa mashambani peke yao.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kataeni pamoja nami marufuku ya bunduki zinazomilikiwa kwa halali na mamilioni ya watu. Ilindeni sheria ya mwaka 1986 inayoizuia serikali kuu kuweka daftari la wenye silaha, kwa kuwa sisi tuliotoka Maziwa Makuu tunajua kile ambacho karatasi ya serikali inaweza kufanya ikiangukia mikono mibaya. Rwanda, mwaka 1994, kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho lilitosha kumwua mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Lakini iungeni mkono hukumu ya Rahimi ya mwaka 2024, ambapo majaji 8 kati ya 9 walikubali kwamba mwanamume aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mwenzi wake anaweza kunyimwa silaha. Huo ni uhafidhina wa kawaida: anayevunja amani hupoteza haki ya aliyeitunza.

Kwa sababu hiyo ninamshukuru Seneta Mitch McConnell wa jimbo letu kwa kuipigia kura ya ndiyo sheria ya Juni 2022, iliyotungwa baada ya watoto 19 na walimu 2 kuuawa Uvalde, Texas. Sheria hiyo haikumnyang'anya mtu bunduki. Iliongeza uchunguzi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21, na ikawabana waliopatikana na hatia ya kuwapiga wapenzi wao hata kama hawakufunga ndoa. Seneta Rand Paul, mwenzake wa Kentucky, aliipinga, na ingawa ninamheshimu kwa mengi, ninaona kwamba alikosea. Aprili 2023 watu 5 waliuawa ndani ya benki mjini Louisville na kijana aliyekuwa ameinunua bunduki yake kihalali siku chache tu kabla. Sina hakika kwamba sheria yoyote ingemzuia. Ninachokiona kuwa aibu ni kwamba sheria za jimbo letu huelekeza silaha zilizotwaliwa katika uhalifu zipigwe mnada na kurudi sokoni. Hilo ni la Frankfort, makao ya serikali ya jimbo letu, zaidi kuliko la Washington, lakini mna sauti ndani ya chama, na wafiwa wanastahili kuisikia.

Tena kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi nchini Marekani, na zaidi ya 26,000 kati yao walijiua wenyewe. Hao hawakuuawa na jambazi, wala hakuna daftari ambalo lingewarudisha. Walihitaji mtu wa kuzungumza naye na kabati lenye kufuli. Katika jumuiya yetu wapo wanaume waliobeba mambo ya vita miaka 20 bila kuyasimulia, na daktari wa akili anayezungumza Kiswahili ni adimu kuliko duka la silaha. Ikiwa tunasema kwamba tatizo si bunduki bali ni moyo wa mtu, basi tutoe fedha za kuutibu moyo huo, maana vinginevyo usemi wetu ni wa kuwafunga watu midomo tu.

Sasa nifike kwenye rushwa, ambako nina neno zito zaidi nanyi.

Nimekulia katika nchi ambayo Mobutu aliitawala kwa miaka 32. Kwa kila mhuri kulikuwa na matabishi, yaani kitu kidogo cha kumpa mhudumu, na kwa kila askari barabarani kulikuwa na kitu cha kumwachia. Rushwa ya kule haikuondoa fedha tu. Iliondoa uwezo wa watu kuamini chochote: shahada ya shule, hukumu ya mahakama, matokeo ya kura. Nilipofika Marekani, jambo lililonishangaza ni karani wa serikali aliyenihudumia bila kunitazama mkononi. Nchi yenye kitu kama hicho haipaswi kukichezea.

Nanyi mnakichezea. Vyama vyote viwili. Mbunge Randy Cunningham wa California, wa chama chetu, alikiri kupokea hongo ya dola milioni 2.4 kutoka kwa wenye mikataba ya ulinzi, akafungwa mwaka 2006. Mbunge William Jefferson wa Louisiana, wa chama cha Demokrat, alikutwa mwaka 2005 na dola 90,000 kwenye friza ya nyumba yake, fedha ambazo waendesha mashtaka walisema zilikuwa za kumhonga mkubwa mmoja wa Nigeria. Seneta Bob Menendez wa New Jersey, Mdemokrat pia, alihukumiwa Januari 2025 kifungo cha miaka 11 baada ya vipande vya dhahabu na mabunda ya fedha kukutwa kwake. George Santos wa New York, wa chama chetu, alifukuzwa bungeni Desemba 2023 kwa kura 311 dhidi ya 114, akahukumiwa zaidi ya miaka 7 kwa ulaghai, kisha Oktoba 2025 Rais akaifuta adhabu yake alipokuwa hajamaliza hata miezi 3. Menendez tulimcheka. Kuhusu Santos sikusikia sauti yenu, na nyani haoni kundule.

Makosa ya mtu mmoja mmoja hayaniogofyi sana, kwa kuwa binadamu ni yule yule Kinshasa na Washington. Kinachoniogofya ni sheria kulegezwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu ya Bob McDonnell, gavana wa Virginia wa chama chetu, aliyepokea na mkewe zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000 kutoka kwa mfanyabiashara mmoja, pamoja na saa ya Rolex. Majaji wote 8 walisema kwamba kumpangia mtu mikutano na maafisa peke yake si kitendo rasmi cha kuuzwa. Kwa hukumu hiyo makosa mengi ya Jefferson nayo yalifutwa mwaka 2017 akaachiwa huru. Kisha mwaka 2024, katika shauri la meya wa zamani wa Portage, Indiana, aliyepokea dola 13,000 kutoka kwa kampuni ya malori baada ya kuipa zabuni, majaji 6 dhidi ya 3 waliamua kwamba sheria ya serikali kuu ya rushwa haiwahusu maafisa wa majimbo na miji wanaopokea shukrani baada ya kazi kufanyika. Mtu wa Uvira angeiuliza mahakama hiyo swali moja: matabishi yakitolewa jioni badala ya asubuhi, yanageuka kuwa nini? Ninawaheshimu majaji, na ninakubali kwamba kazi yao ni kuisoma sheria ilivyoandikwa. Kwa hiyo kazi ya kuiandika upya ni yenu, na hadi leo sheria haijaandikwa upya.

Hisa ni mfano mwingine. Sheria ya mwaka 2012 inawataka mtangaze biashara zenu za hisa ndani ya siku 45, na faini ya kuchelewa kwa kawaida ni dola 200. Mfanyakazi wa ghala la Lexington akichelewa kulipa kodi ya nyumba hutozwa karibu na hiyo. Mnakaa katika kamati zinazosikia habari za vita, dawa na benki kabla yetu, kisha mnaruhusiwa kununua na kuuza. Julai 2025, katika kamati ya Seneti, mswada wa Seneta Josh Hawley wa kulikomesha jambo hili ulipita kwa kura za Wademokrat wote na yake peke yake kutoka upande wetu. Septemba mwaka huo huo Mbunge Chip Roy wa Texas, mhafidhina ambaye hakuna atakayemshuku, na Mbunge Seth Magaziner wa Rhode Island, Mdemokrat, waliwasilisha mswada wao pamoja. Ninataka kujua, kwa jina la kila mmoja wenu, kama mnauunga mkono.

Tena Kentucky inajua namna ya kujisafisha. Mwaka 1992 makachero wa FBI walifichua kwamba wabunge wa jimbo hili walikuwa wakiuza kura zao katika miswada ya mbio za farasi, na Spika Don Blandford mwenyewe akatiwa hatiani. Bunge la Frankfort halikuishia kuomba radhi. Mwaka 1993 lilijitungia sheria ya maadili na tume ya kuisimamia, na leo mbunge wa jimbo haruhusiwi kununuliwa hata kikombe cha kahawa na mtu anayelipwa kumshawishi. Baadhi yenu mlipitia Frankfort. Mliishi chini ya kanuni hiyo bila kufa njaa, na ninashindwa kuelewa kwa nini isiwafuate Washington.

Kuna na wizi wa fedha za umma unaofanywa na watu wasio na vyeo. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilikadiria mwaka 2024 kwamba serikali kuu hupoteza kwa ulaghai kati ya dola bilioni 233 na bilioni 521 kwa mwaka. Minnesota, takriban dola milioni 250 zilizokusudiwa kuwalisha watoto wakati wa janga la korona ziliibwa kupitia shirika la Feeding Our Future, ambalo mwanzilishi wake alitiwa hatiani Machi 2025. Washtakiwa wengi katika kesi hiyo wametoka Afrika Mashariki, na hilo limeniuma. Wahamiaji tusilifunike kwa kisingizio cha ubaguzi. Aliyekula chakula cha watoto ahukumiwe, awe wa kabila lolote. Na nyinyi msiligeuze kuwa fimbo ya kuwapigia maelfu ya watu wanaoamka alfajiri kwenda kazini. Yeyote aliyeiba ana jina lake kwenye hati ya mashtaka.

Lakini nani atawakamata wezi hao? Kwa sheria iliyoanza mwaka 1978 na kupanuliwa baadaye, kila wizara kubwa ina mkaguzi mkuu, mtu wa kuchunguza matumizi bila kumwogopa waziri. Usiku wa tarehe 24 Januari 2025 takriban wakaguzi wakuu 17 walifukuzwa kwa pamoja, bila Bunge kupewa taarifa ya siku 30 ambayo sheria yenu inaidai, na baadaye jaji wa serikali kuu akasema kwamba sheria ilivunjwa. Seneta Chuck Grassley wa Iowa, mzee wa chama chetu, aliomba maelezo. Sikumsikia yeyote wa Kentucky akiuliza. Hapa ndipo yale yote niliyoyaandika juu yanapokutana. Sharti la Hyde ni maneno tu kama hakuna anayekagua kwamba limefuatwa, kama ilivyoonekana Msumbiji. Katazo la daftari la silaha ni maneno tu kama hakuna anayeweza kuingia katika idara na kuona kama daftari hilo linatunzwa kwa siri. Mhafidhina anayemwondoa mkaguzi ameziacha dhamiri ya muumini na bunduki ya mkulima mikononi mwa yeyote atakayeshika madaraka baada yake, na mtu huyo huenda asiwe wa chama chetu.

Kwa hiyo ninaomba majibu ya maandishi kwa mambo manne, kutoka kwenu na kutoka kwa wale wanaokitafuta kiti cha Seneta McConnell, ambaye ametangaza kwamba hatagombea tena mwaka 2026. Mtapigia kura sheria ya kudumu ya kuzuia kodi isilipie utoaji mimba, pamoja na fedha za kutosha kwa mama anayezaa? Mtailinda haki ya silaha huku mkiiacha sheria ya mwaka 2022 isimame? Mtapigia kura marufuku ya biashara ya hisa kwa wabunge, na sheria mpya ya rushwa inayoitambua shukrani ya baada ya kazi kuwa hongo? Na mtamtaka Rais, aliye wetu au asiye wetu, afuate sheria anapomwondoa mkaguzi?

Majibu nitakayoyapata nitayatafsiri kwa Kiswahili neno kwa neno na kuyasambaza kwa wasomaji wa barua hii kabla ya siku ya kupiga kura, pamoja na majina ya wale ambao hawakujibu.

Wenu katika uraia,

Mpiga kura wa Lexington, Kentucky